Mtoki wa Mama

Mwalimu alikuwa amefundisha mwili wa binadamu kwenye chuo cha wauguzi miaka kumi na miwili, lakini mguu wa mama yake mwenyewe alikuwa haugusi. Mguu huo wa kushoto ulikuwa na uvimbe wa siku nyingi, na aliyeukanda na kuufunga bandeji kila asubuhi alikuwa wifi yake, mke wa kaka, msusi wa nywele. Kila alipojitolea mwalimu kuukanda, mama alimwambia apumzike, wifi yake ameshauzoea. Mwalimu alitabasamu huku roho inamuuma.

Jumamosi moja alimkuta mama ana homa. Wifi alimweleza kwamba mtoki, ule uvimbe wa tezi, umetoka kinenani tangu jana, ameukanda kwa maji moto wala haupungui.

Mwalimu alipata furaha iliyomtia aibu. Akasogea kitandani. Mtoki wenyewe aliugusa kidogo tu, kisha akapapasa nyuma ya goti. Hapakuwa na kitu. Alijua kwamba maji ya limfu ya kisigino na ya upande wa kidole cha mwisho hupitia kwanza tezi za hapo, bali ya upande wa kidole gumba hupanda kwa ndani ya paja mpaka kinenani. Basi akakitenga kidole gumba na cha pili. Katikati palikuwa na mpasuko mdogo, una usaha.

"Kidonda hiki hukukiona?" alimuuliza wifi, kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Nilimficha mimi," mama alisema. "Angekosa usingizi."

Mwalimu hakukumbuka ni lini mama alijali usingizi wake yeye. Akaanza kusafisha kidonda. Dawa ilipouma, mama alinyoosha mkono, na mkono ukampita binti ukaenda kwa mkwe.

Siku hiyohiyo walimpeleka zahanati, akapewa dawa. Siku ya tatu homa iliposhuka, wifi alimuuliza jikoni alijuaje pa kutazama. Mwalimu alikuwa na jibu la mkato, kwamba mambo hayo husomewa. Lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. Akavuta stuli, akapandisha sketi, akachora njia zote mbili kwa kalamu ya wino juu ya mguu wake mwenyewe.

"Haya, nieleze wewe sasa," alisema.

Wifi alieleza mara moja tu, bila kukosea popote, na hilo nalo likamuudhi mwalimu.