Kufuli la Tenki

Kila alfajiri, Lukumani akishawaombea wazazi wake, mkewe na watoto, humtaja na mwanamke mmoja wa Nachingwea ambaye hana naye undugu hata wa mbali. Raudha, mkewe, humsikia na wala haoni wivu. Naye humtaja.

Mwanamke huyo ni Sikudhani, fundi magari. Lakini habari yenyewe inaanzia kwenye kufuli.

Lukumani alioa katika kijiji cha Nambilanje, akahamia ukweni. Mkwewe, Mzee Mahamudu, akamkabidhi pikapu ya kupeleka ufuta na abiria Ruangwa. Miaka mitatu walikaa vizuri. Kisha pikapu ikaanza kula petroli. Tenki lililokuwa likitosha safari tatu likawa halimalizi mbili. Mzee hakuuliza. Kila jioni alifungua mlango wa gari, akatazama geji, akasema "Mh," akaingia zake ndani. Afadhali angetukana. Tusi mtu hulijibu, au husamehe. "Mh" utaijibu nini, tena ya baba mkwe?

Siku moja mzee alikwenda kwa mchomeleaji, akarudi na kifuniko cha tenki kimetiwa komeo na kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Madereva wa stendi ya Ruangwa walipoliona, walicheka hadi wakakaa chini. "Lisemwalo lipo," wakasema. Tangu hapo Lukumani akawa anaegesha ubavu wa tenki ukutani. Akamwambia Raudha kwamba ufuta ukishauzwa atafunga nguo zake arudi kwao, maana hawezi kula ukweni kwa jina la mwizi.

Raudha hakulia. Alimfuata baba yake uani.

"Baba, kufuli lako, ufunguo unao wewe, na petroli bado inaisha. Sasa mwizi ni nani?"

Mzee aliushika ufunguo shingoni. Asubuhi ya pili alipanda pikapu kando ya Lukumani, akatazama mbele. "Twende Nachingwea."

Sikudhani alinusa moshi kwanza. Akafungua plagi, zilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Kisha akachomeka kidude cha kusomea injini chini ya usukani, akawasha simu yake, akamwita mzee, siyo dereva.

"Mzee wangu, gusa huu mpira wa rejeta."

Mzee aligusa, akaurudisha mkono upesi. "Unaunguza."

"Sasa soma hapa."

Simu ilisema maji ya injini yana nyuzi kumi na nane.

"Kuna kisensa kinachoiambia injini maji yamepata moto kiasi gani," Sikudhani alisema. "Chenu kinadanganya. Mmetoka Nambilanje na jua lote hili, chenyewe kinasema gari ndiyo kwanza limewashwa. Injini ikiwa baridi huongezewa petroli. Hii inaongezewa njia nzima."

"Kwa hiyo hakuna anayeinyonya?"

"Nani ainyonye, mzee wangu? Inaungulia humu humu. Ule moshi mweusi nyuma ndiyo petroli yako."

Alipofunga kisensa kipya, simu ilisoma themanini na tano. Lukumani aliomba apewe kile kibovu, kidude kisichozidi kidole gumba. Akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, maana machozi yalikuwa yanamtoka. Alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru fundi mara nne, mpaka fundi akamwambia inatosha.

Walipofika Ruangwa mzee akamwambia Lukumani asimame katikati ya stendi, ubavu wa tenki uelekee watu. Akashuka, akafungua kufuli, akalitia mfukoni.

"Petroli ilikuwa inaunguzwa na kisensa kibovu," aliwaambia wale madereva. "Na aliyewafanya mdhani vingine ni mimi."

Hakuna aliyecheka.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la ufuta, akalifunga kwa kufuli lile. Ghala hilo hata wanawe wa kuwazaa hawakuwahi kushika ufunguo wake. Akavua uzi shingoni, akampa Lukumani. Lukumani akaupokea kwa mikono miwili, akauvaa.

Mzee akatazama pembeni. "Mh," akasema.

"Ahsante, baba," Lukumani akajibu.