Ziwa Kwenye Kiti cha Nyuma

Kila Juni LaVonne Schroeder, wa kule Iowa, hutembelewa na watoto wa kaka yake kutoka Phoenix, na matembezi ya kwanza huwa Ziwa Tamarack. Mwaka huu Brynn ana miaka tisa na mdogo wake Cale ana sita. Brynn alikuwa amejifunza kuogelea kusudi shangazi yake amwone, na tangu uwanja wa ndege hakuwa na habari nyingine.

Ziwa lilikuwa limefungwa. Kibao kilikuwa kilekile cha miaka mitatu: maji yana sumu, usiingie, usiache mbwa anywe. Maji yenyewe yalikuwa kijani kizito kama rangi ya kupaka geti.

"Haya basi," LaVonne alisema, akajipiga mapajani. "Twendeni tukaone twiga."

Waliporudi garini walilikuta ziwa limeshakaa kiti cha nyuma, katikati, na mkanda limeshafunga.

"Samahani kwa kuwabana," lilisema. "Twiga sijawahi kuwaona."

"Wala hujatubana. Cale, sogea, mpe mgeni nafasi."

Kwenye bustani ya wanyama lilipewa tiketi ya wazee. Twiga liliwapenda sana. Wakati wa kurudi lilikohoa, wakatoka samaki watatu waliokufa, likaomba radhi mara nne kwa kuchafua kiti. LaVonne aliwatia samaki kwenye mfuko wa plastiki, akasema hata hivyo gari lilikuwa la kuoshwa.

"Kwani unaumwa nini?" Brynn aliuliza.

"Aa, mimi mzima. Kuna mbolea kidogo tu inateremka kutoka mashambani."

"Mashamba ya nani?"

Ziwa lilitazama dirishani. "Ni watu wema mno. Sitaki maneno."

"Shangazi, lile bomba jeupe pale ziwani si linatoka kwenye mahindi ya Anko Merle?"

LaVonne aliwasha taa ya kukata kulia, na barabara ilikuwa imenyooka maili nne mbele.

"Mahindi yamestawi mwaka huu," alisema.

"Yamestawi kwelikweli," ziwa likamuunga mkono.

Aibu ilimpanda LaVonne hadi masikioni. Katika maji hayo mama yake ndiye aliyemfundisha kuogelea, kamshika tumboni kwa kiganja kimoja.

Nyumbani Merle, mume wa LaVonne, alisalimiana na ziwa kwa mkono, akalivutia kiti. Walikula wakafika kwenye pai, ndipo Brynn akashindwa kuvumilia.

"Anko, mbolea yako inaliua."

"Mh! Katoto ka Phoenix kana mdomo haka!" Merle alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ni kweli?"

"Hapana, hapana," ziwa lilisema. "Usijisumbue kwa ajili yangu."

Merle akamgeukia mkewe. Mume yule ni msikivu, neno moja la mkewe lingetosha, na LaVonne alilijua hilo. Brynn naye alimkazia macho.

"Nani anaongeza pai?" LaVonne aliuliza.

Walilisindikiza ziwa hadi uani, wakaagana kwa muda wa saa nzima, kwanza mlangoni, kisha kwenye ngazi, kisha dirishani mwa gari. LaVonne alilifungia saladi ya viazi, akalirudisha mwenyewe mahali pake.

Asubuhi bakuli lilikuwa barazani, limeoshwa. Huko Iowa chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na ziwa lilikuwa limetia maji safi, meupe, kiasi cha kikombe kimoja. Ndiyo yote lililokuwa limebakiwa nayo.

Brynn alichuchumaa, akatumbukiza vidole viwili, akavipigisha mbizi kutoka ukingo huu hadi ule.

"Shangazi, nione."

"Nakuona, mwanangu. Unaogelea vizuri sana," LaVonne alisema, na machozi yakamtoka.

Lori la mbolea lilikuwa linaingia uani kinyumenyume. LaVonne alijifuta uso, akampungia dereva mkono, akaenda kumwita Merle.