Karatasi ya Mlangoni

Sheria mpya ilitaka kila nyumba ya Paris ibandike mlangoni karatasi yenye majina ya wote wanaolala humo, umri wao na kazi zao. Kwangu tulilala wawili, na wa pili hakuandikika.

Alikuwa Anselme, mdogo wangu. Aliwahi kuwa mlinzi wa mfalme, kazi aliyoifuata kwa mshahara tu. Tangu mfalme akatwe kichwa mwezi Januari, wenzake walikuwa wakisakwa, naye nikamficha darini, nyuma ya mashuka ya watu ninayofua. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi na nafsi yangu. Miaka mitatu unusu nyuma, mkate ulipotushinda bei, mimi Ursule niliandamana kwenye mvua hadi Versailles na kisu cha jikoni mkononi, tukamleta mfalme mjini kwa nguvu. Nilishangilia hadi sauti ikanikauka. Ndiyo hayo, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Asubuhi akaja Thévenot wa kamati ya mtaa, zamani fundi wa nywele za bandia, mpaka waliozivaa walipokimbia nchi.

"Raia Ursule, karatasi iko wapi? Mtaa mzima umebaki wewe tu."

"Ningekuwa nimekosa kazi kama wewe uliyekosa vichwa vya kuchana, ningebandika tangu juzi."

Akacheka, ila macho yake yalikuwa yanapanda ngazi. "Si unaishi peke yako? Mbona unanunua mkate wa wawili?"

"Nafua mashuka ya watu ishirini, baba. Njoo ufue wewe, tuone utakula mingapi."

"Haya. Jioni tunapita kupekua. Tukimkuta mtu hayumo kwenye karatasi, anakwenda yeye na mwenye nyumba. Na huko harudi mtu, dada."

Alikuwa haniiti dada tangu mapinduzi. Nikaogopa kwelikweli.

Nikapanda darini. "Anselme, ondoka leo."

"Niende wapi? Kila lango la mji wanadai cheti."

"Nitakuandika kwa jina jingine."

"Watadai cheti cha jina hilo pia. Dada, acha nijitoe mwenyewe, wewe upone."

Nikamzaba kofi, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. "Utaingia kwenye kapu la nguo chafu, nikubebe hadi mtoni. Ukae kimya!"

Sote tulijua kapu halimtoshi. Nikaandika jina langu peke yake, nikaacha karatasi mezani wino ukauke, nikaenda kupanga foleni ya mkate, maana nisingeonekana pale wangeuliza.

Niliporudi jioni, karatasi niliyoiacha mezani ilikuwa imebandikwa mlangoni, watu wamejaa wakiisoma. Chini ya jina langu, kwa mwandiko uliofanana na wangu kwa kuwa mama ndiye aliyetufundisha sote wawili, palikuwa na mstari mwingine: Anselme Coutard, miaka ishirini na sita, aliyekuwa mlinzi wa mfalme.

Walikuwa wameshamfunga mikono. Alitazama chini. Nilielewa kwamba tukikutanisha macho nitalia, na nikilia wote watajua.

Thévenot akanishika bega. "Ndugu yako wa damu, na bado umemwandika! Huyu ndiye raia, jamani!"

Mtaa mzima ukanipigia makofi, nikiwa nimekumbatia mkate wa watu wawili.

"Asante," nikasema.