Daraja la Gitaa la Mwanangu

Haya aliniambia mjukuu wangu, fundi wa magitaa, siku ya Jumapili, kesho yake baada ya mambo kwisha, nilipokuwa namsuka nywele. Mtu akishasukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo alisema yote. Vipande alivyoviruka nilivipata kwa baba yake, ambaye ni mwanangu wa kwanza.

Mwanangu huyo amepiga gitaa la umeme tangu ujana. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha. Mguu ukarudi, mdomo ukarudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu. Vidole vinaweza kukandamiza uzi, lakini kuuvuta pembeni mpaka sauti ilie, hapana. Na wanaomjua wanajua sifa yake yote ilikuwa kwenye kule kuvuta.

Sasa gitaa lake lina kimkono cha chuma upande wa kulia, kimechomekwa kwenye daraja, kile kibati ambako nyuzi zinashikwa. Ukikibonyeza, daraja linainama, nyuzi zinalegea kidogo, sauti inashuka ikitetemeka. Ukiachia, springi za nyuma zinalirudisha. Basi akajifundisha kuliza gitaa kwa mkono wa kulia. Ila daraja lilikuwa kuukuu, skrubu zake sita zimelika, likiinama halirudi pale lilipotoka. Wimbo mmoja tu, nyuzi zote zimepotea. Anazikaza kwa ule mkono mgonjwa, mkono unachoka, analiweka. Mwisho akalitundika ukutani, akawa anakaa analitazama kama mtu aliyegombana na nduguye. Chakula anakionja tu. Mkwe wangu akaniambia, "Mama, huyu ananiondokea huku amekaa."

Ndipo binti yake, huyu mjukuu wangu fundi, akasema, "Baba, nipe nikubadilishie daraja. Siku hizi kuna linalosimama juu ya vyuma viwili tu, likiinama linarudi palepale."

Baba mtu alilitazama ukutani siku mbili zaidi. Siku ya tatu akalishusha, akampa.

"Ukiliharibu," akasema, "usininunulie lingine. Sitapiga lingine."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana yule mtoto aliogopa. Hasira ya baba yake anaijua, inapita. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

Alhamisi akafungua nyuzi, akaondoa springi, akatoa daraja la zamani. Yale matundu sita akayaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, akaacha vikauke hadi kesho yake. Usiku ule hakulala. Kila akifumba macho, aliniambia, anaona keekee ya kutobolea inaingia na mbao inafunguka kama mkate.

Ijumaa asubuhi akapima. Akapima tena. Anafanya kazi chumba kimoja na mtengeneza spika wanayemwita Kipara, mtu wa maneno mengi.

"Fundi, umepima mpaka rula imechoka," Kipara akasema. "Unatoboa gitaa au unachimba kisima?"

"Kaka, niache."

"Nimekuacha. Ila ukizimia, angukia upande ule, huku kuna spika za watu."

Tundu la kwanza, la upande wa juu, likatoka safi. Unga wa mbao mwekundu, wenye harufu nzuri. Akapumua. Akahamia upande wa chini, akashusha keekee polepole, na kabla hajafika nusu ya kina, chuma kikazama chenyewe, kama kisu kwenye boga bovu.

Akazima. Akainua. Kwenye ncha hakukuwa na unga mwekundu. Kulikuwa na makombo ya njano, magumu, kama ukoko. Akainama na tochi. Kutoka kwenye tundu, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umekwenda hadi kwenye lile shimo la katikati, daraja linapoteremkia.

"Niliufuata ufa kwa ukucha, bibi," aliniambia. "Ukucha ulizama."

Kipara alikuja, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akasema pole bila utani. Hilo lilimtisha kuliko ufa wenyewe.

Mahali pale ndipo nyuzi sita zinapovuta. Ukizikaza juu ya mbao yenye ufa, chuma kitang'oka na kipande cha gitaa. Na gitaa hilo likifa, baba yake atarudi kwenye kiti chake atazame ukuta mtupu. Alikuwa bado anawaza hivyo aliposikia fimbo ya baba yake barazani, tok, tok, inakuja. Akavuta kitambaa akafunika.

Mzee akaingia, akaketi. Kijasho kinamtoka, na jua halikuwa kali.

"Umeshatoboa?" akauliza.

"Bado, Baba."

Kipara akakohoa, akageukia spika zake.

"Bado kabisa?"

"Nilikuwa napima."

Mzee akakishika kichwa cha fimbo kwa mikono yote miwili, mzima na mgonjwa. Akatazama sakafu, akatazama kitambaa, akarudi kwenye sakafu. Mjukuu wangu akajua ameshajua. Akawa anangoja tu neno litoke.

"Kama bado," mzee akasema, "upande wa chini usitoboe."

"Kwa nini?"

"Hapana mbao pale. Nilitoboa mimi, mwaka uliozaliwa wewe. Nilitaka kuweka daraja jingine, nikakosea kipimo. Nikaziba kwa gundi na unga wa msumeno, nikapaka rangi juu."

Mjukuu wangu akakikandamiza kile kitambaa kwa kiganja.

"Mama yako nilimwambia nimebadilisha rangi kwa kupenda. Bibi yako pia."

Ni kweli aliniambia. Nikamsifia, tena nikasema nyekundu inampendeza.

"Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi anayeziba kwa unga ni mwizi."

"Ndiyo. Nani amjue mwizi kuliko mwizi?" Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Tangu Jumatatu nataka kukuambia. Leo nimefika kona mara mbili nikarudi. Nilijua ukitoboa utaliharibu, na utadhani ni wewe. Nami ningekuacha udhani."

Ndipo mtoto akaondoa kitambaa.

Mzee akainuka bila fimbo, akapitisha kidole juu ya ufa, akakitoa haraka kama aliyegusa jiko. "Basi," akasema. "Mficha maradhi..." Hakumalizia. Akaketi tena, na uso wake, alivyonieleza mjukuu wangu, ulikuwa ule wa hospitali.

Hapo hofu ilikuwa ya watu wawili, na ya wawili si nyepesi kuliko ya mmoja. Mjukuu wangu akachukua patasi. Akachimba njano yote, akachimba na ufa wote, hadi akafika kwenye mbao nzima, na lile shimo lilivyozidi kupanuka ndivyo mzee alivyozidi kugeuza uso. Akachonga kiraka cha mbao ngumu, nyuzinyuzi zake zikifuata za mbao ya gitaa, akakipaka gundi, akakitia shimoni, akakibana kwa jiliwa, kile chombo cha kubania mbao. Mzee akamwomba kitu kimoja: asikifiche kwa rangi.

Jumamosi akatoboa upya. Ukatoka unga safi. Akagongea vyuma viwili, akaweka daraja jipya, springi, nyuzi. Akachora mstari wa penseli kupita juu ya kiraka na mbao ya pembeni, ili kiraka kikisogea hata kidogo, mstari ukatike.

Akaanza kukaza, uzi mmoja mmoja, robo mzunguko. Mzee amelaza kiganja kizima juu ya mbao. Kipara amezima redio yake bila kuambiwa. Uzi wa nne ulipokuwa unapanda, mbao ikasema tk.

Wote wakaganda.

"Endelea," mzee akasema, midomo mikavu.

"Baba, linavunjika."

"Naligusa mimi. Endelea."

Akaendelea, huku akisikia kila uzi ukipanda ndani ya meno yake. Wa tano. Wa sita. Daraja likainuka, likatulia sawasawa. Mstari wa penseli ulikuwa mzima.

Mzee akapakata gitaa. Akakandamiza uzi mmoja kwa kidole kile dhaifu, akaupiga, akabonyeza kimkono. Sauti ikateremka, ikalia, akaiachia, ikarudi palepale. Akafanya tena. Ikarudi. Akapiga wimbo mzima, akapiga wa pili bila kukaza kitu. Kipara akasema ana vumbi machoni, na chumba kile ni kweli kina vumbi.

Kabla ya alasiri mzee alisinzia kitini, gitaa kifuani. Kipara naye akajilaza kwenye maboksi yake. Mjukuu wangu hakuthubutu. Alilitoa gitaa taratibu mikononi mwa baba yake, akalilaza mezani, akavuta kigoda, akakaa anautazama ule mstari, maana mbao ina ubishi, inaweza kungoja uondoke. Akautazama hadi jua likaondoka dirishani. Akaukagua kwa tochi, ulikuwa mzima. Akakagua tena. Kisha akalaza kichwa mezani kando ya gitaa, ukucha wake juu ya mstari, akalala.