Barabara Yenye Balisema Haina Bantu

Enjeniere Hugues alimaliza Fanta yake, akapangusa midomo, kisha akapiga mukono ku meza.

"Bon," akasema. "Barabara yenu inalala usingizi. Kamio zetu zitapita bila shida, ata shofere akifunga macho."

Bantu ba komite balicheka. Védastine peke yake hakucheka. Alikuwa nyuma karibu na mulango, fasi anakaaka kila mara, ju yeye si muntu wa kusema mbele ya bengine. Ni mwalimu wa batoto badogo ku masomo ya Gihundwe, shule ya karibu na barabara. Mbele ya batoto sauti yake inajaza chumba. Mbele ya bakubwa inakufa.

Ile komite balikuwa bameiweka kwa kazi moja tu: kusikiliza etidi, ile hesabu ya magari ya ku barabara yenye Hugues alifanya, na kusema ndiyo ao hapana. Kampuni moja ilitaka kujenga usine, kiwanda cha matofali, kule Giheke. Udongo iko kule, na wateja beko Bukavu, ngambo ya mupaka, ju vita ilibomoa manyumba mingi na bantu banajenga tena. Kila siku kamio zingetoka Giheke na matofali, zipite Gihundwe mbele ya masomo na mbele ya hospitali, ziingie Kamembe, zishuke mpaka ku mupaka. Barabara ni ile moja. Ingine hakuna.

Védastine alikuwa amekuja mu komite ju ya kusemea batoto. Tangu asubui hakusema kitu. Lakini hii neno ya usingizi ilimuingia kama mwiba. Barabara ya Gihundwe inalala? Ile ile? Saa ingine yeye anasimama mbele ya poritaye, ile geti ya masomo, na kungoja mpaka miguu inachoka, ndipo avushe batoto!

Akanyanyua kidole, kama mwanafunzi.

"Enjeniere, samahani... mulihesabu siku gani?"

"Maman mwalimu, mi sihesabu mwenyewe, nahesabisha," Hugues akajibu, na bantu bakacheka tena. "Muulize Buhendwa. Yeye njo alikaa pale ku kiti tangu jua inatoka mpaka inaingia."

Buhendwa, kijana mwenye Hugues alimutoa Bukavu kwa hii kazi, alisimama na furaha yake yote.

"Maman, nilichoka kwa kukosa kazi! Ata mbuzi haikupita. Nikatafuta ata beignet ya kununua nikule, wapi! Mabutiki yote bamefunga. Nikajisemea, kumbe bantu ba ngambo hii ya mupaka balalaka hivi, mpaka muchana?"

Pale kicheko kikakatika.

Mabutiki bamefunga, barabara haina ata mbuzi. Kila muntu wa komite alijua ile siku ni gani. Ni siku ya ine, alhamisi, siku ya gacaca, ile baraza ya bantu bote ya kuhukumu mauaji. Ile siku mu sekta hakuna mwenye anafungua butiki, hakuna mwenye anaenda ku shamba. Bote, bazee na vijana, banapanda ku kilima na kukaa ku majani, kusikiliza mambo ya mwaka wa tisini na ine: nani aliua nani, nani alibomoa nyumba ya nani. Barabara inabaki ya mbwa. Buhendwa ni muntu wa Bukavu, angejulia wapi? Aliona barabara tupu, akaandika barabara tupu.

Lakini bengine balijua. Védastine akaangalia Mzee Ladislas, president wa komite. Huyu mzee njo mmoja wa bazuzi, bahakimu ba gacaca, kila siku ya ine anavaa mukanda ya rangi ya bendera ku kifua na kuambia bantu: mwenye aliona, aseme. Leo alikuwa anaangalia plafo ya chumba, kama vile kuna kitu bameandika pale juu.

"Basi tumesikia," Ladislas akasema. "Siku ya posho, jumamosi, tutarudi kupiga kura. Usine ni kazi, bandugu. Vijana betu banakaa bure."

Védastine akafungua mudomo. Sauti haikutoka. Bantu bakaanza kuvuta viti, bakatoka nje.

Alifika nyumbani amewaka. Bwana yake, Ndizeye, alikuwa mu kiwanja anakata kuni. Alikuwa shofere, na shofere wa kweli. Lakini kamio yenye alikuwa anaendesha, basoda baliichukua ku njia ya Uvira mu ile vita ya pili ya ngambo ya Bukavu, na tangu ile wakati anaishi kwa kulima mashamba ya bengine. Kampuni ya matofali ilikuwa imemuahidi kamio ya kwanza. Alikuwa ameisha kununua ata kofia.

"Balihesabu siku ya gacaca," Védastine akamuambia, bila salamu.

Ndizeye hakusimamisha shoka. "Najua."

"Ulijua?"

"Kila muntu anajua. Nilipita pale nikienda ku kilima, nikaona ule kijana ku kiti chake. Nikacheka peke yangu."

"Ulicheka! Na mutoto wetu Tuyishime anapitaka wapi kila asubui? Mu hewa?"

"Tuyishime eko na macho."

"Eko na miaka saba, Ndizeye!"

Akatupa shoka chini. "Sikiliza, Maman Tuyishime. Weye unaogopaka ata kusalimia katekista. Leo njo umekuwa avoka wa kutetea barabara? Miaka yote hii nabeba jembe ya bengine. Bantu bananiita shofere wa jembe. Sasa Mungu amefungua mulango, na bibi yangu mwenyewe anataka kuufunga!"

"Mungu hakuhesabu magari siku ya gacaca. Ni Buhendwa."

"Utanyamaza," Ndizeye akasema, na kidole mbele ya pua yake. "Siku ya posho utanyanyua mukono kama bengine, na utanyamaza."

Ile siku balikula kila muntu na kona yake. Védastine hakulia. Kasirani yake ilikuwa kubwa kupita machozi. Alikuwa anakasirikia Hugues, anakasirikia Ladislas na plafo yake, anakasirikia bwana yake. Lakini mwenye alimukasirikia kupita bote ni yeye mwenyewe, ju ya ile mudomo yenye ilifunguka na haikutoa neno.

Siku ya posho ikafika. Ladislas akauliza nani anakubali, na mikono ikaanza kupanda. Védastine akasimama. Akashika kiti ya mbele yake.

"Mimi nakataa," akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akaikamata tena, kama vile eko mbele ya batoto. "Nakataa! Enjeniere, ule kijana wako alihesabu siku ya gacaca. Sisi bote tulikuwa ku kilima. Na kama ingekuwa siku ingine, bado mungekosa, ju muliandika tu kitu yenye iko na moteri. Bamama benye banabeba makala ku kichwa habana moteri. Mavelo, zile baiskeli za ndizi, hayana. Batoto bangu habana."

Hugues akageuka. "Gacaca? Ni kweli, Mzee?"

Ladislas akakohoa. "Inawezekana... mambo ya tarehe, unajua..."

"Inawezekana!" Védastine akasema. "Weye njo ulikuwa unaongoza kile kikao cha gacaca, Mzee!"

Mama moja mbele akapiga mikono, "Yewe!" na kuficha kicheko mu kitenge. Hugues alikuwa amekuwa mwekundu. Si muntu mubaya, lakini alikuwa na kiburi cha diploma, na bantu balikuwa banamuangalia.

"Bon, bon. Maman anataka kuona? Ataona. Nitaleta kamio. Imejaa matofali. Semeni siku."

"Siku ya soko," Védastine akajibu. "Saa batoto banatoka masomo."

"Vwala. Na shofere atakuwa bwana yako mwenyewe, ili usiseme tulidanganya."

Siku ya soko, Ndizeye alitoka nyumbani na kofia yake mupya, hakuaga. Nguvu yake yote ilikuwa ya kumuonyesha bibi yake kama yeye ni shofere, na barabara ni barabara.

Védastine alikuwa ku poritaye ya masomo wakati kamio ilitokea ku kona ya juu. Hugues, Ladislas na bantu ba komite balisimama ngambo ingine. Kengele ilikuwa imelia, na batoto balikuwa bamemwagika nje. Toka Kamembe bamama balikuwa banapanda na mabeseni tupu, bengine banashuka na tomati na makala. Mavelo ya ndizi, kila moja pana kama mulango. Taksi-moto zinapita katikati kama panzi. Kamio ikaanza kushuka polepole, inapiga klakso, na kila fasi ilipita, bantu balijikamua ku ukuta wa udongo ju ya kuiachia njia.

"Unaona?" Hugues akaita kwa sauti. "Inapita!"

Ile saa njo ingobyi, kitanda ya kubebea bagonjwa, ilitokea toka nyuma ya kamio. Banaume bane balikuwa bamebeba mugonjwa ku mabega, mama mwenye mimba, bamemutoa kule Giheke kwa miguu, banakimbia naye ku hospitali. Ingobyi haisimame. Kwetu kila muntu anajua: ukiona ingobyi, unatoka mu njia, ata ukiwa mukubwa namna gani. Velo inaingia mu mutaro, moto inazima. Bale banaume balipiga kelele ya kuomba njia, kama kawaida.

Lakini kamio itaenda wapi? Mbele batoto, nyuma ingobyi, kuume ukuta, kushoto mutaro, na mu mutaro bantu bamejaa. Ndizeye akajaribu kuvuta kidogo ku ukuta. Bamama bakaanza kulalamika na kupiga mabati ya kamio na mikono.

"Simama! We muuaji, kuna batoto huku!"

"Unataka kutusaga na matofali yako?"

"Eko shofere ao eko kipofu?"

Védastine akaona Tuyishime. Alikuwa katikati ya gurudumu na ukuta, na begi yake mbele ya kifua, hapumui. Baba yake, kule juu, hakuweza kumuona. Védastine hakujua alipita wapi. Alisukuma bantu, akapiga mulango ya kamio na ngumi mbili: "Ndizeye! Zima! Mutoto yako eko chini yako! Zima!"

Moteri ikakufa.

Ndizeye akatoa kichwa mu dirisha, akaangalia chini. Akaona begi, kisha akaona uso. Akatoka na mulango wa ngambo ingine, akazunguka, akavuta mutoto na mukono moja, akamupatia mama yake. Kofia ilikuwa imeanguka. Kisha akarudi nyuma, akaingiza bega yake chini ya ingobyi pamoja na bale bane, na bakapitisha mugonjwa juu ya mutaro, juu ya vichwa vya bantu, mugonjwa analia, mpaka bakapita mbele ya kamio.

Kisha akaenda kwa Hugues na kumutia funguo mu mukono.

"Kamata. Hapa siendeshi. Mutafute njia ingine, ao mutafute shofere mwenye hana mutoto."

Akapita mbele ya bibi yake. "Na weye usiniongeleshe leo," akasema, na akaenda zake kwa miguu, mikono nyuma. Kazi ilikuwa imekufa, na balijua bote babili.

Hugues alibaki anaangalia kamio kama muntu mwenye amepewa ng'ombe na hana kamba. "Komite iandike hapana," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kwa hii njia, hapana."

Mzee Ladislas akamukaribia Védastine, ameshatabasamu.

"Umefanya vizuri, maman mwalimu. Sisi bote tulijua. Ilikuwa inakosa tu muntu mumoja wa kusema."

Védastine alikuwa bado anasikia moyo wa Tuyishime unapiga ku tumbo yake.

"Mulijua," akasema.

"Ndiyo, lakini unajua, maman, mambo ya kazi, vijana..."

"Kila siku ya ine unatuambia mwenye aliona aseme. Bajane banasema mbele yako, banatetemeka, na unabaambia bapandishe sauti. Weye uliona nini, Mzee? Sema. Bantu beko hapa."

Ladislas akaangalia kamio, akaangalia mutaro. Bamama balikuwa bamesimama na mabeseni ku vichwa, banangoja jibu.

Védastine hakulingoja. Aliita batoto kwa sauti ya darasa, ile kubwa, bakashikana mikono, na akabavusha.