Twiga wa Ghorofa Tatu

Mchoraji alikuwa amefikisha shingo ya twiga ghorofa ya pili alipoteleza jukwaani akavunjika mkono wa kulia. Twiga huyo ndiye aliyekuwa pambo kuu la hoteli mpya: miguu yake ilianzia mapokezi, shingo ikapanda na ukuta wa ngazi, na kichwa kilipangwa kuwachungulia wageni wa ghorofa ya tatu.

"Pole, dada," alisema mwenye hoteli. "Zimebaki siku tisa tufungue. Tupake rangi nyeupe tu, yaishe."

"Twiga asiye na kichwa ni nguzo yenye madoa," mchoraji alijibu. "Mkono wa kushoto ninao. Niachie."

Mumewe alipomwona anarudi kazini, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, alishika kiuno. "Mama watoto, huyo mnyama amekuloga?" Hata hivyo alimfuata, akamkorogea rangi na kumshikia jukwaa.

Siku tatu za mwanzo mistari ilikwenda kombo. Alichora, akafuta, akachora tena, mpaka mkono wa kushoto ukashika adabu. Siku ya nane alimtia twiga kope ndefu na jani mdomoni.

Mgeni wa kwanza, mzee mwenye bakora, aliikataa lifti. "Nataka kumwona uso," alisema, akapanda ngazi moja moja. Mchoraji alimfuata nyuma.

Huko juu mzee alisimama, akahema, akavua kofia.

"Shikamoo, mkubwa," akamwambia twiga.

Mchoraji alicheka hadi machozi yakamtoka.