Bangili ya Nareyu wa Ololosokwan

Vedasto alikuwa na duka la mapambo ya kale pale Karatu, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro, na kwa miaka ishirini hakuna mteja aliyewahi kumrudishia hata hereni moja. Wateja wake walikuwa watalii. Walinunua asubuhi, mchana wakawa kreta, baada ya siku tatu wakawa makwao. Kwa hiyo Mama Inga aliposhuka kwenye gari mwezi Julai mwaka jana na kumsalimia kwa jina, Vedasto alidhani ni bahati imemfuata dukani.

Mama Inga alikuwa daktari wa meno mstaafu kutoka Denmark. Ujanani alifanya kazi ya kujitolea huko Mbulu, na ndiko alikopata Kiswahili chake, kilichonyooka kama cha mwalimu wa darasa la pili. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua taratibu juu ya meza. Ndani mlikuwa na bangili ya shaba yenye mizunguko kumi na miwili, imeota kutu ya kijani.

"Unaikumbuka, Bwana Vedasto?"

Aliikumbuka vizuri sana. Penina mkewe ndiye aliyeisokota, kwa bomba jembamba la shaba lililong'olewa nyuma ya friji mbovu ya baa ya jirani. Waliifukia kwenye samadi miezi miwili, wakawa wanaimwagia maji ya chumvi kila Jumamosi, hata ikatoka imezeeka kuliko wao wenyewe. Kilichobaki kilikuwa historia yake, na historia ilikuwa kazi ya Vedasto. Mambo ya kweli aliyajua: namna misafara ya zamani ilivyoleta masango, yaani nyaya nene za shaba, na namna mafundi walivyozisokota kuwa mapambo ya mikono na shingo. Alichoongeza ni majina ya wenye mapambo tu.

"Uliniambia ni ya Nareyu wa Ololosokwan," Mama Inga alisema. "Kwamba bibi yake aliivaa siku ya harusi, na kwamba familia iliiuza ukame ulipowamalizia ng'ombe. Miaka kumi na moja imekaa kwenye kabati langu la kioo. Kila nikiipita naona wale ng'ombe. Nimekuja kuirudisha."

Vedasto aliitaja Ololosokwan, kijiji cha Loliondo, siku ile ya kuiuza kwa sababu ni mbali, na kwa sababu hakuwahi kufika.

"Huenda bibi huyo ameshafariki, Mama."

"Hapana. Niliwaandikia watu wa kijiji. Wamejibu kwamba yupo na ana afya njema."

Ukweli ni kwamba kijiji kilikuwa na akina Nareyu wanne, na aliyejibu barua alimtaja mkubwa wao kwa heshima ya umri. Hilo Vedasto alilijua baadaye. Wakati ule alijiona kama mtu aliyetunga jina kisha mwenye jina akabisha hodi.

Mama Inga alitaka Vedasto aende naye awe shahidi. Vedasto aliingia jikoni kumwambia mkewe.

"Mwambie ukweli," Penina alisema, akiendelea kuchambua mboga.

"Nitamwambia njiani."

"Sawa. Njia ya Loliondo ni ndefu, itakutosha."

Haikumtosha. Alijaribu mara ya kwanza kwenye ukingo wa kreta, ndani ya ukungu, lakini kabla hajafungua mdomo Mama Inga alimwambia kwamba wafanyabiashara wenye moyo kama wake ni wachache duniani. Alijaribu tena walipopata pancha, na Mama Inga akamkatia kipande cha keki. Walipolala mjini Wasso, aliamka na maneno tayari, akakuta mgeni amekwisha nunua mablanketi mawili ya kumpelekea Nareyu, na sukari, na majani ya chai. Dereva wao, Tobiko, kijana wa hukohuko Loliondo, aliitazama ile bangili mara moja tu kwenye kioo cha gari, akaanza kupiga mluzi mdogomdogo. Vedasto hakuupenda mluzi ule.

Nareyu waliyemkuta alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sabini na kitu, amekaa mbele ya nyumba yake akirekebisha kamba ya kufungia ndama. Shingoni alivaa uzi mmoja wa shanga nene za kioo cha buluu, zilizotungwa kwenye ngozi. Vedasto aliziona kabla hajamwona mwenyewe. Matundu yake yalikuwa yamelika kwa kuvaliwa, na hakuna punje iliyolingana na mwenzake. Kwa miaka ishirini alikuwa akizizungumzia shanga kama zile bila kuzishika.

"Takwenya, yeyo," alimsalimia, kwa Kimaasai chake cha sokoni, akimwita mama.

"Iko," alijibu Nareyu.

Mama Inga alirudi kwenye gari kuchukua zawadi. Vedasto akaona hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho, akachuchumaa.

"Yeyo, naomba unisitiri. Yule mama anakuletea bangili. Anaamini ni ya bibi yako. Si yake."

"Najua si yake," alisema Nareyu kwa Kiswahili safi. "Bibi yangu hakuwahi kuuza kitu. Hata mbuzi aliyekufa alikataa kumuuza. Ni ya nani?"

"Ni ya friji."

Nareyu aliiweka kamba chini. "Miaka saba nilikaa kwenye geti la hoteli ya watalii nikiuza shanga," alisema. "Nilisikia mengi. La friji sijalisikia." Kisha akamtazama Mama Inga anayekuja na mablanketi. "Ametoka mbali, na ana huzuni. Nitaipokea. Wewe nyamaza tu."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, akafumba macho kidogo. Mama Inga akalia. Tobiko akaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Ingeishia hapo, kila mtu angerudi kwake na amani yake.

Lakini Nareyu alikuwa mtu wa adabu zake. Mgeni asingeweza kumletea kitu cha bibi yake, hata kama si cha bibi yake, akaondoka mikono mitupu. Alipeleka mikono kisogoni, akafungua ule uzi wa buluu, akamwekea Mama Inga kiganjani.

Vedasto aliinuka haraka.

"Siwezi," alisema Mama Inga. "Niliapa sitachukua tena kitu cha kale kutoka kwa mtu. Bwana Vedasto, wewe ni mtaalamu. Hizi ni za kale?"

Wote wawili wakamgeukia. Akisema ni mpya, shanga zile zingeenda Denmark kukaa mahali pa bangili ya friji. Akisema ni za kale, mgeni angezikataa na mwenyeji angedharaulika mlangoni kwake.

"Ni za kale," alisema. "Ni za kale kweli. Zililetwa na misafara, watu wakatoa mbuzi kuzipata. Sijawahi kushika nzuri kama hizi."

"Basi chukua zako, Mama," alisema Mama Inga.

"Kwetu zawadi hairudi," alisema Nareyu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Wakawa wanasukumiana ule uzi, kwa upole kwanza, halafu kwa upole wenye nguvu. Vedasto akasikia ngozi kuukuu ikilalamika, akajua kwamba itakatika muda wowote.

"Mama Inga, huna deni hapa," alisema. "Bangili si ya bibi yake. Ni bomba la friji. Tuliisokota Karatu."

Mama Inga alimshika bega kwa huruma. "Una moyo mwema," alisema. "Unataka kunipunguzia mzigo. Lakini usidanganye kwa ajili yangu."

Vedasto alirudia, akataja baa, samadi na maji ya chumvi ya Jumamosi. Kadiri alivyoeleza, ndivyo mgeni alivyozidi kutikisa kichwa kwa shukrani. Hapo Nareyu alichoka. Aliiokota bangili, akachomoa pini kwenye shuka lake, akachokoa ncha moja ikatoka nta iliyoziba tundu, akachokoa ya pili. Masango ya kweli hayana tundu. Akaweka ncha mdomoni akapuliza, na bangili ikatoa mluzi mwembamba, mrefu. Ndama mmoja akageuka kutazama.

Mama Inga alikaa chini, juu ya mablanketi aliyoyanunua mwenyewe.

"Niliipeleka kwenye maonyesho," alisema. "Wanafunzi waliichora."

Alikaa hivyo mpaka Vedasto akaanza kufikiria namna ya kurudi Wasso kwa miguu. Kisha mabega ya Mama Inga yakaanza kutikisika, na wote wakadhani analia tena, lakini Nareyu aliyekuwa karibu akaona anacheka, naye akamfuata.

Chai ilipikwa kwa ile sukari. Nareyu alivaa shanga zake. Bangili alikataa kuirudisha, akasema hapo kijijini hakuna mwingine mwenye kitu kinachopiga mluzi.

"Nani aliisokota?" Mama Inga aliuliza.

"Mke wangu."

"Ana mkono mzuri kuliko mdomo wako."

Waliporudi Karatu, Mama Inga hakwenda hotelini. Alikaa dukani siku nzima na Penina, miwani puani, wakishika pambo mojamoja, na Vedasto akilazimika kutaja asili ya kila moja: hii ya mwaka jana, hii ya waya wa simu, hii sijui. Kati ya mapambo mia moja na arobaini, ya kale yalikuwa tisa. Penina aliandika vibao kwa kalamu nene.

Watalii bado wanakuja, na kazi za Penina zinanunuliwa kwa jina lake. Tatizo la Vedasto sasa ni majirani. Wamesikia kwamba siku hizi anasema kweli, wanamletea vitu awapimie. Mwezi uliopita Josephati, kiongozi wa kwaya, aliingia na mkewe Dorkasi, na pete ya dhahabu aliyomvisha mkewe siku ya ndoa, miaka kumi na minane iliyopita. Vedasto akaiangalia kwenye mwanga, akaigonga mezani, akasema si dhahabu, ni shaba. Tangu siku hiyo Josephati hamsalimii, na Dorkasi hamsalimii Josephati.